Bidoni Moja kwa Rozari Moja

Kilembwe, tarehe 1 mwezi wa kumi 2023

Kwa Shangazi Concilie, Kabumbe, upande wa Baraka

Shangazi wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Nilifika salama, ila mgongo bado unanidai kwa ile barabara. Shule wamenipa darasa la tano, batoto hamsini na nane, na chumba nyuma ya biro ya diretere, mkuu wetu wa shule. Chakula kipo: mihogo, karanga, majani ya sombe. Ndakala tu, samaki wetu wadogo wa ziwani, ndizo ninazoziota. Nisalimie mama Anastasie pamoja na yule mbuzi wake mkorofi, na bamama wote wa rozari.

Nakuandikia kwa sababu huku mtandao unapatikana juu ya mwamba mmoja tu, tena siku ukipenda, na simu yako tangu izame kwenye shimo la kulowekea mihogo haijafufuka. Wilfried wa pikipiki amekubali kubeba barua zetu kila anapokuja kuchukua karanga.

Sasa jambo lenyewe. Nimekuachia kilima chetu, Shangazi, na moyo wangu umebaki huko. Nakuandikia tena masharti ili uwasomee bamama, mtu asije akasema hakusikia. Sefu Eugène, mkuu wa kijiji, alitupa misimu mitatu ya kiangazi. Kwa misimu hiyo hakuna kukata kuni juu ya kilima, hakuna kuchoma makala, hakuna mbuzi, visiki vichipue vyenyewe na msitu urudi. Miwili imeshapita. Mwaka unaokuja, tarehe kumi na tano mwezi wa nane, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, bidoni ya lita ishirini itawekwa chini ya chemchemi na bamama wataanza rozari. Ikijaa kabla rozari haijaisha, kilima ni cha miti na hakuna wa kukigusa. Isipojaa, jirani yetu Déogratias, mchoma matofali, anakichukua na kuchimba udongo wake. Unakumbuka mwaka huu tulivyoaibika: mwezi wa sita bidoni ilikula rozari mbili, na mwezi wa nane haikutoka hata tone.

Mtu asikate mti hata mmoja. Zaidi ya yote ile mikaratusi arobaini niliyopanda na marehemu baba, juu kidogo ya chemchemi. Unajua alivyokuwa akipanda na bidoni mbili kila asubuhi kuimwagilia, na kifua chake kile. Mimi nikiifikiria ni kama namwona.

Binti ya kaka yako,
Gloriose


Kabumbe, 5/11/2023

Mutoto wangu Gloriose,

Amani kwako. Barua yako ilifika, Wilfried aliileta imekunjwa kwa kiatu, nikaisoma nikiziba pua. Sisi wote tuko wazima. Anastasie anakusalimia. Mbuzi alikula kanga yake ya kanisa, ile ya Mama Maria, sasa anasema mbuzi amebarikiwa na hawezi kumuuza. Nakutumia ndakala kopo mbili. Usimupe diretere.

Tarehe mbili tulienda kwa makaburi. Ya baba yako niliipalilia miye mwenyewe mpaka udongo ukabaki mutupu, hakuna hata jani moja. Bantu walikuwa wanapita wanasema, hii kaburi iko na wenyewe. Barutwanayo kaka yangu alikuwa anapenda usafi, nawe unajua.

Sasa sikia. Niko na furaha, karatasi haitanitosha. Juzi nilipanda kwa chemchemi saa kumi na mbili asubuhi. Nikaona kitu inatembea kwa matope. Nikainama, nikaita Anastasie. Ni kaa, Gloriose. Kaa ya maji, ndogo kama kifungo cha koti, iko na mikono yake miwili tayari kupigana na sisi. Anastasie alisema ni mende iliyopotea njia. Tukabishana mpaka kaa yenyewe ikachoka, ikaingia chini ya jiwe. Miye nimekulia kando ya mito ya Kayanza, kule kwetu Burundi, najua kaa. Hiyo kitu haikai mahali maji ni ya kuazima.

Tena kuna kale kandege kanatikisa mukia, kwetu tunakaita inyamanza. Kanakuja kila siku kwa lile jiwe. Visiki vyote vimetoa matawi, miti ya misave imefika kwa mabega yangu, kuna vivumu vidogo, miche ya muti wa muvumu, sikuvipanda miye wala wewe. Bamama walikuwa wanapita chini ya kilima macho kwa njia, sasa wanapanda juu kupumzika bila kutumwa. Immaculée, muke wa Déogratias, naye alikuja. Alikaa kwa kivuli, akaenda.

Mikaratusi ya baba yako iko. Inazidi kuwa mirefu. Sina neno ingine juu yake.

Shangazi yako,
Concilie


Kilembwe, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Shangazi mpenzi,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa kila mlango wa Kabumbe. Nilikula Noeli kwa diretere, bugali na kuku, na ndakala zako nilizificha chini ya godoro kama ulivyoagiza. Mafua yalinishika wiki moja, yameisha.

Kaa! Shangazi, niliisoma barua yako mbele ya darasa zima. Niliwachorea kaa ubaoni na mikono yake miwili, na mama Anastasie na mende wake. Walicheka mpaka diretere akaja kuchungulia. Kesho yake mtoto mmoja akaniuliza: mwalimu, sisi huku tunangoja nini? Basi sasa kila Alhamisi tunatoka. Bibi ya mwanafunzi wangu mmoja, mama Georgette, ni Mubembe wa hapa hapa, ametembea msitu huu tangu utotoni. Anawaambia batoto jina la kila mti na kazi yake, nao wanaandika kwenye kaye zao. Wiki iliyopita walimnyamazia ndege hondohondo robo saa nzima. Batoto hamsini na nane, robo saa. Darasani sijawahi kupata hata dakika moja.

Mama Georgette alinionyesha kitu kingine pia, bonde moja nyuma ya soko. Nitakueleza siku nyingine.

Ila niambie, mikaratusi imefika urefu gani? Majani yake je? Na udongo chini yake, ukiushika, una unyevu?

Neno la mwisho. Nimesikia Sefu Eugène atapanda kilima mwezi wa tatu na wazee wake, kuangalia kabla ya kiangazi. Tafadhali, Shangazi, akute kilima kimetunzwa, aone kwamba sisi wakimbizi ni watu wa kazi.

Wako,
Gloriose


Kabumbe, 2/4/2024

Mutoto wangu,

Heri ya Pasaka. Kristu amefufuka. Huku mvua ni nyingi, ziwa limepanda, kule Baraka bantu ba kando ya maji wamehamisha vitanda. Sisi wa juu hatuna shida hiyo.

Mbuzi wa Anastasie amezaa batatu. Wawili ni weusi, mumoja ni mweupe na alama kwa paji ya uso kama amepakwa majivu ya Kwaresima. Anastasie amewapa majina ya mitume. Mutume Petro ni muke, lakini hataki kusikia. Maharagwe yalitoa vizuri. Paa ya jikoni inavuja, nimeweka sufuria. Padri alihubiri muda mrefu sana siku ya Ijumaa Kuu, wazee wawili wakasinzia, mumoja akakoroma. Goti langu la kuume linauma wakati wa mvua, la kushoto haliumi.

Sefu Eugène alikuja. Alikaa kidogo, akaenda.

Kilima kiko pale pale.

Fundisha vizuri na ule vizuri.

Concilie


Kilembwe, tarehe 28 mwezi wa nne 2024

Shangazi,

Nakusalimu. Nawasalimu mitume watatu, na goti la kuume.

Nimeisoma barua yako mara nne. Umeniandikia paji la uso la mbuzi, paa, padri, mzee aliyekoroma. Kwa kilima ambacho mwezi wa kumi na moja kilikujazia karatasi, umenipa maneno manne. Wilfried alipokunywa chai kwangu alitaka kunisimulia, nikamkataza. Nikamwambia, Shangazi yangu ana biki yake ya kuandikia.

Basi nianze mimi, maana na mimi nimekuficha kitu tangu mwezi wa kwanza.

Lile bonde nyuma ya soko. Mama Georgette alinipeleka, akanionyesha shimo kavu lenye mawe yaliyopangwa vizuri. Akasema hapa tulikuwa tunateka maji tukiwa wasichana. Juu ya shimo, mikaratusi. Mirefu, mizuri, imenyooka. Akasema walipanda vijana wa kanisa kwa nia njema, na miaka michache baadaye wanawake wakaanza kushuka mtoni kuteka. Ule mti unakunywa mchana na usiku, mama, akaniambia, hauna siku ya kufunga.

Mimi ndiye niliyeleta ile miche kutoka Baraka, Shangazi. Nilisema mti ni mti. Nimesoma, nina diploma, na nikaweka walevi arobaini mdomoni mwa chemchemi. Ndiyo maana mwezi wa nane hatukupata tone. Nimekaa na jambo hili miezi mitatu na nimeshindwa kuliandika, kwa sababu najua neno linalofuata. Neno linalofuata ni kuikata. Na baba aliibebea maji mpaka wiki ya kufa kwake. Nilimwahidi kitandani kwamba nitaitunza.

Kiangazi kinakaribia. Ikate, Shangazi. Mimi nisingeweza kushika shoka. Nakuomba wewe.

Sasa niambie Sefu alisema nini.

Gloriose


Kabumbe, 20/5/2024

Gloriose, mama yangu,

Barua yako nimeiweka ndani ya Biblia. Sisi wazima. Mutume Petro amefika mahali pa kuruka ukuta.

Nilijua. Tangu siku ya kwanza nilijua, ukiwa unashuka kwa pikipiki na ile miche yako kwa karatasi ya plastiki, na uso wako unawaka kama bibi-arusi. Kwetu kila mukulima anajua mukaratusi haukai juu ya maji. Nilifungua kinywa. Nikaona kaka yangu amesimama, anakuangalia, anasema, munaona mutoto wangu, amesoma. Tangu tutoke Burundi sikuwa nimemuona amenyooka vile. Nikafunga kinywa. Nilisema nitangoja afurahi kwanza. Akafurahi, akafa, nikashindwa kuanza. Basi tuko wawili.

Na sasa yangu. Soma ukiwa umekaa.

Uliandika Sefu akute kilima kimetunzwa. Niliita bamama, tulikuwa makumi matatu na sita, kila mumoja na jembe lake, siku mbili. Sikukata muti hata mumoja, nilishika neno lako. Lakini majani, Gloriose. Muntu anakuja kuona shamba lako, utamuonyesha majani? Tulilima chini ya miti, tukang'oa kila kitu ambayo haijafika kwa goti. Tukafagia majani makavu, tukayachoma. Kilima kilingaa kama uwanja wa misa ya askofu. Niliimba, mutoto wangu. Nilikuwa na furaha.

Sefu Eugène alifika na wazee wake. Alisimama katikati, akazunguka polepole, akaniuliza: mama Concilie, musitu uko wapi?

Ndipo niliangalia. Vile vivumu vidogo ambavyo sikuvipanda miye wala wewe, nilikuwa nimeving'oa kwa mukono wangu, na kujisifu juu yake. Usiku ule mvua ilipiga, udongo mutupu ukashuka wote ndani ya chemchemi. Jiwe la inyamanza likafunikwa. Kaa sikuiona tena. Ungeandika nini, wewe? Niliandika mbuzi.

Wiki mbili sikutoka nyumbani ila kwenda shamba. Kisha siku moja niko nafunika migomba yangu na majani makavu, mukono ukasimama wenyewe. Kwetu Kayanza shina la kahawa halilali uchi. Unafunika chini yake na nyasi, na majani ya ndizi, na kila takataka, udongo unabaki na maji yake. Baba alikuwa anatuchapa kama tumeacha shina uchi. Sasa miye, binti ya mulima kahawa, nimevua kilima kizima nguo.

Niliita bamama tena, nikawaambia makosa ni yangu, leteni majani. Tulibeba nyasi, maganda ya maharagwe, migomba iliyooza, wiki tatu, kichwani. Wengine walikuwa wanacheka: juzi tulishusha takataka, leo tunaipandisha. Miye pia nilicheka, ningefanya nini. Matope ya chemchemi tuliyatoa kwa sahani. Na visiki, Gloriose, majembe yetu hayakuviweza. Vimetoa tena. Chini ya yale majani kuna kitu inachungulia kila mahali.

Mikaratusi tuliikata jana. Kabla ya shoka nilipiga magoti kwa kaburi nikamuambia kaka yangu kila kitu, kwamba ni neno lako na ni langu. Kisha nikaenda kwa Déogratias miye mwenyewe. Nikamuambia, unatafuta kuni za kuchoma matofali, kuna mikaratusi arobaini, njoo na bantu bako. Alinikazia macho kama nimempa mwiba ndani ya bugali. Lakini alikuja. Bantu babili waliteleza na gogo mpaka chini, wakatoka bazima, wamejaa matope, wakacheka. Déogratias alisema, mama, mukaratusi unarudi, kila wiki muvunje machipukizi yake. Yeye, ambaye anangoja tushindwe.

Sijui kama tumechelewa.

Concilie


Kilembwe, tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Shangazi,

Nilisoma nikalia, nikasoma tena nikacheka, mpaka diretere akagonga mlango kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepalilia msitu.

Sikulaumu. Mimi ndiye niliyeandika Sefu atuone ni watu wa kazi. Majani yale ya kufunika kahawa sikuyasoma shuleni, na diploma yangu haiyajui.

Batoto wamemaliza mitihani. Wamenipa ujumbe: wanataka kujua kama kaa yuko hai. Wengine wanaomba kila asubuhi, nadhani Mungu amechoka na jina la kaa.

Likizo sitakuja. Diretere ameomba nibaki kufundisha walioshindwa, na nimekubali. Barabara pia ni mbaya. Rozari ya tarehe kumi na tano mtaisali bila mimi.

Gloriose


Kabumbe, 16/8/2024

Mutoto wangu,

Sina salamu nyingi, wote wazima, mitume wazima, sikiliza.

Jana baada ya misa tulipanda. Kabumbe yote ilipanda, hata wale wa kanisa la Déogratias ambao hawana rozari. Sefu Eugène alileta bidoni yake ya manjano, akaigeuza chini juu bantu waone haina kitu. Tulikuwa tumeweka jani la mugomba kwa mudomo wa chemchemi. Maji ilikuwa inakuja, Gloriose. Kiangazi chote haikukatika. Lakini kamba yake ni nyembamba kama kidole changu kidogo, na bidoni ni bidoni.

Nilitaka kuongoza rozari miye. Déogratias akasimama: Sefu, mama Concilie akiongoza tutalala hapa. Bantu bakacheka. Na alikuwa na haki, nilikuwa nimepanga kuvuta kila Salamu Maria mpaka ikome yenyewe. Sefu akasema, basi aongoze Immaculée. Muke wake mwenyewe. Unamujua Immaculée, akisali ni kama mvua kwa bati. Nikajua rozari itaisha mbio.

Fumbo la kwanza, maji iko chini kabisa, inalia ndani ya bidoni. La pili. La tatu, bado si nusu, miye naona. Niliacha kusali, Mungu anisamehe, niliangalia tu. Fumbo la ine, Immaculée akaanza kwenda polepole. Si sana. Anaweka pumzi kati ya maneno. Nikamuangalia. Alikuwa anaangalia kile kivuli alikokaa mwaka jana. Déogratias alikuwa anamuangalia muke wake, anajua, sisi wote tulijua. Alivua kofia, akaishika kwa kifua.

La tano, Salamu Maria ya saba, maji ikafika kwa shingo ya bidoni. Ya nane ikamwagika. Hakuna aliyeigusa, kwa sababu rozari haiachwi katikati. Tulimalizia tukilia, maji inapita kwa miguu yetu, inashuka. Sefu akasema maneno mawili tu: Kilima kimepona. Déogratias akabeba bidoni yetu kwa kichwa yeye mwenyewe mpaka chini. Udongo wa matofali ameupata kwingine, kule kwa mutoni, Sefu amemupa.

Kaa iko. Ni tatu. Waambie batoto.

Sasa neno lako la barabara na diretere. Miye niliandika mbuzi, wewe unaandika barabara. Unaogopa kupanda ukute miti ya baba yako haiko. Najua. Kwa hiyo sikia nilichofanya na ile bidoni. Sikuinywa. Niliipeleka kwa kaburi la kaka yangu. Nikamuambia, Barutwanayo, ulipandisha maji bidoni mbili kila asubuhi, leo moja imeshuka yenyewe, ni yako. Nikaimwaga polepole, yote.

Na pale kichwani pa kaburi, katikati ya udongo niliosafisha miye mwenyewe, kuna kitu imeota. Majani mawili. Ni muvumu, ndege ameuleta, sijui. Mikono ilikuwa inaniwasha kuung'oa, Gloriose, ile mikono unaijua.

Nimeuacha. Njoo uuone.

Concilie